Gari Tulilounda Gerejini kwa Miaka Mitatu

Wengi wenu mkisikia habari ya mashindano ya magari mtadhani ni mambo ya matajiri, au ya vijana ambao hawajapata majukumu. Sisi pia tulidhani hivyo. Sisi ni mke na mume, wazazi wa watoto wawili, tuliotoka Kenya na kukaa katika mji wa Leicester, Uingereza, kwa zaidi ya miaka ishirini. Baba ni dereva wa basi na Mama ni muuguzi. Tunaandika pamoja, mmoja ameshika kalamu na mwingine amesimama nyuma ya kiti akisahihisha. Kwa hiyo mkiona mahali habari imekatika ghafla, mjue hapo tulibishana.

Baba alizaliwa Voi. Wakati wa Pasaka mwaka 1977, akiwa na umri wa miaka minane, alisimama na kaka zake kando ya barabara ya udongo kule Taita kuyangoja magari ya Safari Rally. Walingoja tangu alfajiri wakitafuna mihogo ya kuchoma. Gari moja likapita kwa kishindo, likawarushia matope kuanzia nyweleni hadi miguuni, na kabla hawajajifuta macho likawa limekwisha potea. Lilikuwa Ford Escort. Mwaka ule Safari ilishindwa na Msweden, Björn Waldegård, akiendesha gari la aina hiyo. Baba hakujua jina la dereva siku ile, lakini alijua kwamba siku moja naye ataendesha namna hiyo.

Badala yake aliendesha basi. Kwa miaka kumi na mitano amepeleka watu kazini na kuwarudisha. Wazee humpenda kwa sababu hafungi breki kwa ghafla. Hajapata hata siku moja kuandikiwa kosa la mwendo kasi. Mtu wa namna hiyo akikuambia mezani, mbele ya watoto, kwamba anataka kuanza mashindano ya magari, hutacheka mara moja. Kwanza utamtazama kama ana homa.

Ilikuwa Novemba 2019. Mwenzake wa kazini alimwambia habari za mzee mmoja mstaafu, nje kidogo ya mji, aliyekuwa anauza gari ambalo hakulimaliza. Tulikwenda wote wanne. Tulichokikuta hakikuwa gari. Kilikuwa chesisi ya mabomba ya chuma ya mraba iliyoanza kushika kutu, injini juu ya mbao, difu chini ya turubai, na masanduku kumi na moja ya vitu vidogo vidogo ambavyo hata mzee mwenyewe hakukumbuka vyote ni vya nini. Lakini ile injini na ile difu vilitoka katika Ford Escort ya miaka ya sabini. Baba alipoambiwa hivyo alinyamaza. Mama alijua hapo hapo kwamba pesa zimekwisha kwenda.

Inafaa tueleze kidogo, maana hata sisi ilituchukua muda kuelewa. Hapa Uingereza kuna desturi ya watu kujiundia magari madogo ya spoti nyumbani. Mengi yanafuata umbo la gari moja liitwalo Lotus Seven, lililotolewa mwaka 1957 na Colin Chapman. Ni gari la viti viwili, lisilo na paa wala milango ya maana, na pua yake ni ndefu kama ya ndege. Zamani ukinunua gari lililokamilika ulitozwa kodi ya mauzo, bali ukinunua vipande ukaviunga mwenyewe, kodi ile hukutozwa. Watu wengi basi waliuziwa gari likiwa ndani ya masanduku. Kodi hiyo ilikwisha mwaka 1973, na mwaka huo huo kampuni ya Caterham ikachukua haki ya kuunda Seven, lakini desturi ya kuunda nyumbani haikufa.

Kisha mwaka 1996 Mwingereza mmoja, Ron Champion, alitoa kitabu kilichoeleza jinsi mtu anavyoweza kujiundia gari la namna hiyo kwa pauni 250 tu, kwa kununua chuma, kukichomelea mwenyewe, na kutoa injini, giaboksi, difu na usukani katika gari kuukuu. Gari hilo huitwa Locost. Na ipo klabu, 750 Motor Club, iliyoanzishwa mwaka 1939, ambayo ina mashindano ya magari hayo ya Locost yenye injini za Ford za sentimita za ujazo 1300, ili watu wa mishahara ya kawaida nao wapate kushindana. Pauni 250 leo haziwezi. Ford Escort za zamani zimekuwa vitu vya kukusanywa na wenye pesa, na bei yake imepanda mno. Tulipata zetu kwa unafuu kwa sababu zilikuwa vipande, na kwa sababu mke wa yule mzee alitaka gereji yake.

Tulilipa pauni 1,400. Hizo zilikuwa pesa za mabati.

Tunalisema hili wazi kwa sababu ndilo lililotufanya tusilale vizuri kwa wiki mbili. Tulikuwa tunajenga nyumba kule Voi, karibu na mama yake Baba, na kuta zilikuwa zimefika juu zikingoja paa. Mama alikuwa amehesabu kila zamu ya usiku aliyofanya kwa idadi ya mabati. Kumwona mwenzake akizigeuza kuwa chuma cha kutu kulimwuma. Hakupiga kelele. Alianza kupika bila kuimba, na wanaomjua wanajua maana yake.

Mwishowe tulikaa chini tukaandika mapatano. Kila pauni itakayoingia katika gari, pauni nyingine itakwenda Voi, na isipopatikana ya Voi, ya gari haitoki. Gari halitagusa siku ya Jumapili, si kwa kuliunda wala kwa kulishindanisha. Na risiti zote zitawekwa na Mama. Baba alitia sahihi bila kusoma mara mbili, akiogopa tusije tukabadili nia.

Tulimpigia mama simu Voi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Lina viti vingapi?" akauliza.

"Viwili, mama."

"Nanyi mko wangapi?"

"Wanne."

"Haya," akasema, na akaanza kutueleza habari za mbuzi wake.

Kazi ya kwanza ilikuwa kupima. Mtu asidhani chesisi ni sawa kwa sababu inaonekana sawa. Unachukua futi ya kamba, unapima kutoka pembe ya mbele kushoto hadi ya nyuma kulia, kisha unapima upande wa pili. Vipimo vikilingana, fremu ni mraba mzuri. Vyetu vilitofautiana kwa milimita tisa. Tulipima mara nne tukitumaini futi inasema uongo. Gari la namna hiyo lingevuta upande mmoja maisha yake yote. Ilibidi mabomba ya mbele yakatwe na kuchomelewa upya, na kati yetu hakuna aliyejua kuchomelea.

Baba akajiandikisha katika darasa la jioni, akaketi na vijana wa miaka kumi na saba. Mwalimu aliwaonyesha kwamba kiungo kibaya kinaweza kupendeza kwa juu huku ndani chuma hakikuyeyuka kikashikana. Alivunja viungo vya wanafunzi kwa nyundo mmoja baada ya mwingine, na cha Baba kilivunjika wiki tatu mfululizo. Wiki ya nne hakikuvunjika. Alikuja nacho nyumbani, vipande viwili vya bomba vilivyoshikana, akakiweka juu ya friji, na mpaka leo kiko hapo.

Hiyo ilikuwa Februari 2020. Mwezi wa Machi nchi ilifungwa.

Nani asiyekumbuka siku zile? Wadi ya Mama iligeuzwa ikawa ya wagonjwa wa korona. Baba hakukaa nyumbani pia, maana mabasi yaliendelea kuwapeleka wauguzi, wapishi na wafagiaji kazini. Mama akirudi alfajiri alipitia gerejini, akavua nguo za kazi na kuzitia katika mfuko, ndipo akaingia ndani kuoga. Tuliweka kiti kimoja kila upande wa chesisi, na baadhi ya asubuhi tulikaa hivyo, gari likiwa katikati, tukazungumza dakika kumi kabla mmoja hajaenda kulala na mwingine kazini. Mazungumzo yenyewe hayakuwa ya gari. Mama alihesabu waliofariki usiku ule, na Baba akasikiliza.

Mwezi wa Aprili Baba aliugua. Siku ya sita pumzi ikaanza kumpungukia hata akashindwa kupanda ngazi, gari la wagonjwa likaja kumchukua, na sisi tukabaki mlangoni. Alilazwa siku kumi na tisa. Mama, ambaye kwa mwezi mzima alikuwa akiwashikia wagonjwa simu ili waonane na jamaa zao, sasa alikuwa yeye upande wa pili wa simu. Hatutaandika mengi hapa. Kijana wetu, aliyekuwa na miaka kumi na sita, alikwenda gerejini kila siku baada ya masomo ya kwenye kompyuta, akakwangua kutu katika chesisi kwa brashi ya waya. Hakuna aliyemwagiza. Baba aliporudi, akishikiliwa kwapani, chesisi ilikuwa inang'aa na imepakwa rangi ya kwanza.

Dereva huyu wa basi, mwanamume wa kilo tisini, sasa hakuweza kukaza nati. Daktari alisema apewe kazi nyepesi za mikono ili nguvu zirudi. Basi siku ya kwanza tulimletea sanduku moja la yule mzee, na chupa sita za maziwa zilizokatwa midomo, naye akaketi juani akichambua bolti: ndefu huku, fupi huku, zilizoliwa na kutu pembeni. Alichambua kwa robo saa akalala. Kesho yake nusu saa. Masanduku yalikuwa kumi na moja, kama tulivyosema, na kabla hajamaliza la mwisho alikuwa anatembea mwenyewe mpaka dukani.

Ni watu wa ajabu hawa wanaounda magari. Tulipopungukiwa na kitu, wenye magari kama letu walitutumia kwa posta, mara nyingine bila kutaka malipo. Mmoja alitupa kabureta, tukampelekea chapati. Mama, akisubiri zamu, alisoma historia ya jambo hili lote, akagundua kwamba Colin Chapman aliunda gari lake la kwanza mwaka 1948 katika gereji ya wazazi wa mchumba wake Hazel, na kwamba kampuni yake ilipoanza mwaka 1952, mtaji ulikuwa pauni 25 alizokopeshwa na Hazel huyo huyo. Mama alikata kipande hicho akakibandika ukutani gerejini, juu ya faili la risiti. Baba hakusema neno.

Mwaka 2021 ulikuwa wa kazi nzuri. Mabati ya alumini yalipigwa ribiti ubavuni, mamia ya ribiti, na jirani zetu wakavumilia. Pua na madigadi ya faiba tulinunua. Difu ilifungwa, springi na shokomzoba zikakaa mahali pake. Binti yetu, aliyekuwa na miaka kumi na mitano, alichukua nyaya za umeme kwa sababu wanaume wa nyumba hii hawana subira. Alichora mchoro wote kwa kalamu za rangi, akafunga kila waya kwa lebo. Mpaka leo kama taa haiwaki hatumwiti fundi, tunamwita yeye.

Kutoa hewa katika breki ndiko kulikotupatanisha kabisa, ingawa kulianza kwa ugomvi. Kazi hiyo inataka watu wawili. Mmoja anakaa ndani anakanyaga pedeli na kuishikilia. Mwingine yuko chini gurudumuni, anafungua kinyonyo kidogo, mafuta yanatoka na mapovu kupitia mpira mweupe hadi katika chupa, anafunga, ndipo wa ndani aachie. Akiachia mapema, hewa inavutwa tena na mnaanza upya. Mama alikaa ndani, juu ya mto, maana viti havikuwapo. "Kanyaga." "Nimekanyaga." "Shikilia." "Nimeshikilia." "Achia." Gurudumu la nyuma kushoto peke yake lilituchukua saa nzima, kwa sababu Baba alisema "achia" kabla hajafunga, kisha akasema ni Mama aliyeachia mapema. Tulinyamaziana. Kisha Mama akacheka, akasema kwamba miezi ile akiwa wadini angetoa kila alicho nacho apate kumsikia mtu huyu akimgombeza kwa sababu ya mafuta ya breki. Tukaendelea. Pedeli ikawa ngumu kama jiwe.

Injini ilikataa kuwaka. Hiyo ilikuwa Machi 2022. Ilikohoa, ikapiga risasi kupitia kabureta, ikamchoma kijana nyusi kidogo. Siku tatu tulibadilisha plagi, tukasafisha kabureta, tukalaumu petroli. Binti alikuwa anasoma kitabu cha fundi sebuleni, akaja na kidole kwenye ukurasa. Injini nyingi za silinda nne huwaka kwa mpangilio wa moja, tatu, nne, mbili, na hivyo ndivyo kaka yake alivyopanga nyaya za plagi, kama alivyofundishwa chuoni. Hii injini ya zamani ya Ford huwaka moja, mbili, nne, tatu. Nyaya mbili zikabadilishana nafasi. Ikawaka kwa mguso wa kwanza, na sauti ilipojaa katika gereji ile ndogo Baba alikwenda nje akasimama ukutani akiwa ametupa mgongo. Tulimwacha.

Sasa ndipo lilipokuja jambo lenyewe. Kuunda gari ni kitu kimoja, kulishindanisha ni kingine. Mama alikuwa amekubali gari. Hakuwa amekubali mashindano. Alisema, naye tunaandika maneno yake kama yalivyokuwa: "Baba watoto, nilikupeleka mpaka mlangoni nikakurudisha. Leo nikufunge mikanda nikupeleke tena?" Baba hakuwa na jibu. Wiki nzima hakuingia gerejini. Siku ya nane alisema kwamba kama tunaona vema, gari liuzwe, na pesa zote ziende Voi. Alisema kweli, hakuwa anatega. Na Mama, aliyekuwa ameshinda, hakuona raha ya ushindi. Alimtazama mtu aliyechambua bolti katika chupa za maziwa akalala.

Akaomba siku mbili. Kisha akaja na daftari. Wadini hakuna dawa inayotolewa bila kuhesabiwa na kutiwa sahihi, na yeye alitaka iwe hivyo hivyo. Kila bolti ya breki, usukani, magurudumu na mikanda iandikwe. Ikazwe kwa spana ya kupimia mkazo. Itiwe alama ya rangi. Na atie sahihi mtu mwingine, asiwe yule aliyeikaza. Pasipo sahihi mbili gari halitoki. Baba alikubali kwa furaha kuliko alivyotia sahihi yale mapatano ya kwanza.

Msidhani daftari lilikuwa mchezo. Jioni ya kwanza kabisa Mama, akiwa amelala chini na tochi, alimwambia kijana akate usukani mpaka mwisho kushoto, kisha kulia. Akaona bomba la mpira la breki ya mbele linaligusa tairi. Gari likiwa limesimama lilikuwa linapapasa tu. Likikimbia, tairi lingelila bomba lile hadi litoboke, na breki za mbele zisingekuwapo. Tuliokuwa tumekagua kabla yake tulikuwa watu wawili. Kazi ya kugeuza kishikio cha bomba ilichukua dakika ishirini. Ukurasa ule wa daftari hatuujadili.

Leseni ya mashindano si leseni ya barabarani. Mtu huomba kwa shirika linalosimamia michezo ya magari hapa, Motorsport UK, kisha hufanya mtihani katika shule ya mashindano. Kuna kuendesha na mwalimu pembeni, anayetazama kama una busara wala si kama una kasi, na kuna maandishi. Sehemu ya bendera lazima upate yote. Ukikosa moja umeanguka. Baba alisoma bendera akiosha vyombo. Njano: hatari, punguza mwendo, usimpite mtu. Samawati: aliye nyuma yako ana kasi kuliko wewe. Njano yenye mistari myekundu: barabara inateleza. Nyeusi yenye duara la rangi ya chungwa: gari lako lina ubovu, ingia ndani. Nyekundu: mbio zimesimamishwa. Binti alimtega usiku na mchana. Mwezi wa Machi 2023, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu, alifaulu. Mwalimu alimwambia anaendesha kana kwamba kuna abiria waliosimama nyuma. Tulilipokea kama sifa.

Mbio zetu za kwanza zilikuwa Cadwell Park, katika jimbo la Lincolnshire, kiangazi cha mwaka ule, siku ya Jumamosi. Ni uwanja mwembamba unaopanda na kushuka katikati ya miti kwa kilomita tatu na nusu, na kuna mwinuko mmoja uitwao Mlima, mkali kiasi kwamba gari likifika kileleni na kasi huwa jepesi kama linataka kuruka. Baba alipoutembea kwa miguu Ijumaa jioni alisema kimya kimya, "Taita."

Asubuhi mkaguzi alilipitia gari. Alivuta mikanda, akatikisa chuma kinachokinga kichwa gari likipinduka, akatazama kofia na nguo zisizoshika moto, akaamuru injini iwashwe kisha akaizima mwenyewe kwa swichi ya nje. Akaona alama za rangi kwenye bolti, akauliza nani ameziweka. Mama akajibu. Mzee yule aliinamisha kichwa kidogo, akabandika karatasi yake ya ruhusa, akaenda kwa gari linalofuata. Nyuma ya gari tulikuwa tumebandika kipande cha njano chenye msalaba mweusi, ambacho kila mgeni wa mashindano hubeba ili wenzake wajue.

Magari yalikuwa ishirini na manne. Baba alianza wa ishirini na mbili. Sisi wengine tulisimama karibu na Mlima. Yalipotoka yote kwa pamoja, ardhi ilitetemeka, na Mama akashika mkono wa binti akaufinya hadi kesho yake ulikuwa na alama. Mzunguko wa kwanza alipita. Wa pili, wa tatu. Alikuwa amempita mmoja, na kijana wetu alikuwa anapiga kelele kwa Kiswahili ambacho hatukujua kuwa anacho.

Mzunguko wa nne hakuja.

Yalipita yote, tukahesabu, tukahesabu tena. Mbali upande wa miti bendera ya njano ilikuwa inapepea. Mama hakusema kitu. Alitazama saa, kama anavyotazama akishika mshipa wa mgonjwa. Sekunde kumi. Ishirini. Thelathini. Kwa saa hiyo ndogo alikuwa tena mlangoni kwetu, Aprili 2020. Sekunde ya arobaini na tatu pua yetu nyekundu ilitokea chini ya mwinuko, imejaa majani kama mbuzi aliyekatizwa kula, ikapanda Mlima polepole, ikapita. Alikuwa ameteleza katika kona za miti, akageuka nyuma-mbele, akazima, akangoja wote wapite kabla hajawasha. Ndivyo alivyofanya, akangoja. Baadaye alituambia kwamba alitazama kushoto na kulia kabla ya kurudi barabarani, kama anavyofanya akitoka kituoni.

Alimaliza wa ishirini na tatu.

Gharama zote, tangu chesisi hadi trela, kofia na nguo, zilikuwa pauni 7,860 kufikia siku ile. Kiasi hicho hicho kimekwenda Voi, na mabati yalipanda mwaka 2022, kabla gari halijagusa uwanja. Hatusemi kila nyumba ifanye hivi. Kama mna deni, au kama mmoja wenu amekubali kwa mdomo tu, acheni kwanza. Sisi wenyewe mara mbili tulikaribia kuacha, na hatuna hakika kama mara ya tatu haitakuja.

Jioni ile, kabla ya kufunga trela, tulimpigia mama simu.

"Umekuwa wa ngapi?" akauliza.

"Wa ishirini na tatu, mama."

"Kati ya wangapi?"

"Ishirini na wanne."

Akafikiri. "Na huyo wa mwisho?"

"Klachi yake iliharibika."

"Pole zake," akasema. "Na gari lenu?"

"Zima."

"Na wewe?"

Baba akampa Mama simu, akainama kukaza kamba za trela. Mama akasema kwamba yeye pia ni mzima, kisha akamrudishia simu akachukua daftari, kwa kuwa gurudumu la nyuma kushoto lilikuwa linasubiri sahihi ya pili.

Binti yetu ana miaka kumi na tisa sasa, na wiki iliyopita tulimkuta jikoni akiosha vyombo na karatasi ya bendera imebandikwa juu ya bomba la maji.